Mwanangu wa miaka minne analia ikifika siku ya piano. Nimsubirishe au tuendelee?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume, miaka minne na miezi minne, yuko chekechea hapa Morogoro. Tangu mdogo akitoka kanisani alikuwa anagonga meza akijifanya mpiga kinanda wa kwaya, basi baba yake akamnunulia kinanda cha umeme cha mtumba, chenye vibao 61. Tukampata mwalimu. Kila Jumamosi saa nzima, kitabu cha noti mbele yake. Mwezi wa kwanza alifurahi, wa pili akaanza kusema tumbo linauma, na sasa kila Ijumaa jioni anauliza kama kesho ni Jumamosi. Nikisema ndiyo, analia. Mwalimu wa kwaya yetu anasema tumwache mpaka afike miaka saba. Baba yake anasema Mozart, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Ulaya wa zamani, alianza na miaka minne, tusimdekeze. Mimi sijui muziki zaidi ya kuimba alto (sauti ya pili ya wanawake) kwa solfa, yaani do, re, mi. Nani yuko sahihi? Na je, nibandike stika za herufi kwenye vibao ili asisahau? Halafu kuna mdogo wake wa miaka miwili, kaka yake akikaa tu kwenye kinanda naye anakuja kugongagonga. Nimfukuze?"

Jibu: Dada yangu, nianze na hilo la Ijumaa jioni, mengine yatafuata. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hajui leo ni siku gani. Ukiona ameanza kuzihesabu ili ajue lini balaa linaingia, jua mambo yameshafika mbali. Jumamosi hii usimpeleke, na mbili zinazofuata pia. Mwambie tu kwamba kwa sasa tunapigia nyumbani. Kinanda kibaki hapo hapo sebuleni, bila kitambaa juu yake, na asiambiwe kupiga wala kuacha.

Sasa kesi ya mumeo na mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya yuko sahihi kuhusu kitabu. Kusoma noti kwenye mistari mitano, huku vidole vikifuata, macho yakiruka juu chini na mtu mzima amekaa pembeni anahesabu, ni kazi ambayo wengi huiweza vizuri wakiwa na miaka sita au saba, wakishajua kusoma kidogo. Lakini anakosea akidhani muziki ndiyo hicho kitabu. Sikio halingoji miaka saba. Wale watu wachache wanaosikia honi ya gari na kukutajia ni noti gani bila kugusa chombo, wengi wao walianza muziki kabla ya umri huo. Si kipaji cha lazima, wapiga piano wakubwa wengi hawana, ila inakuonyesha jinsi sikio linavyokuwa laini miaka hii.

Na Mozart? Mumeo hajakosea mwaka. Baba yake Mozart aliandika kwa mkono wake kwenye daftari la muziki la nyumbani kwamba kijana alijifunza kipande fulani tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla hajatimiza miaka mitano, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku. (Saa tatu usiku! Mimi wa kwangu saa hizo anakoroma.) Lakini muulize mumeo daftari lile lilikuwa la nani. Lilikuwa la dada yake Mozart, aliyemzidi miaka minne na nusu, ambaye ndiye aliyekuwa akifundishwa. Baba alikuwa mwanamuziki wa kazi, nyumba nzima muziki asubuhi na jioni, na yule mdogo alikuwa palepale anasikiliza. Dada huyo alisimulia baadaye kwamba kaka yake akiwa na miaka mitatu alikuwa akijitafutia sauti mbili zinazopatana kwenye kinanda, akizipata anafurahi. Wakati huo hakuna aliyemwekea kitabu mbele. Alishiba kwanza kwa masikio, ndipo vidole vikafuata. Ukitaka kumuiga Mozart, iga hapo.

Mjapani Shinichi Suzuki, aliyefundisha fidla kwa watoto wadogo, alijenga mfumo wake wote juu ya jambo ambalo kila mzazi analiona: watoto wote wa Japani wanazungumza Kijapani bila shida. Wa kwako vivyo hivyo hakuanza Kiswahili kwa a, e, i, o, u. Alisikia mwaka mzima, akatamka "mama", mkashangilia kana kwamba ametoa hotuba, na herufi zinakuja leo, chekechea, miaka mitatu baadaye. Kwenye piano tunageuza mambo. Tunampa herufi siku ya kwanza, halafu tunashangaa haongei.

Naomba nikiri na langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa na mtoto wa miaka mitano na kitabu kizuri cha picha kutoka nje. Mwezi wa tatu alikuwa anamaliza kurasa mbili bila kukosea, mama yake anarekodi kwa simu, nami kichwa kimevimba. Siku moja kwa utani nikampigia wimbo wake mwenyewe na mwisho wake nikauharibu makusudi, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alinitazama usoni akisubiri nimwambie kama ni sawa. Hakuujua wimbo wake! Alikuwa anasoma namba za vidole na kubonyeza panapoelekezwa. Nilikuwa nimezalisha mpiga taipu. Tangu siku ile hakuna mtoto wangu anayegusa kibao kwa wimbo ambao hajauimba kwanza.

Kwa hiyo anza mezani, bila kinanda. Vitabu vya Ulaya vinafundisha mapigo kwa majina ya matunda na wanyama ya silabi moja, ambayo Kiswahili hatuna. Tuna kitu kizuri zaidi. Mwambie aseme "wali maharagwe" huku anapiga makofi: wa, li, ma-ha-ra-gwe. Makofi mawili ya kutembea, manne ya kukimbia. Umeshampa noti ndefu na fupi na bado hajui kama amefundishwa. Akishika, mpe "chai na mandazi". Inaingia kwenye mapigo yale yale bila kusukumwa, na siku atakayogundua mwenyewe kwamba wali maharagwe na chai na mandazi ni "wimbo mmoja", andika tarehe kama baba yake Mozart. Kisha mjaribishe "ugali samaki". Utaona inakataa, mguu unapotea njia, kwa sababu mkazo unarudi kila silabi ya tatu: u-GA-li-sa-MA-ki. Hiyo inataka mwendo wa tatu, mwendo wa kuyumba kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Tembeeni nayo sebuleni. Mwili ukiujua mwendo, vidole havisumbui.

Jambo lingine la lugha yetu linalowaponza hata walimu wazuri: "sauti ya juu" na "sauti ya chini". Kwa mtoto wa Kiswahili, sauti ya juu ni kelele. Unamwambia apige sauti ya juu, anakitandika kibao kwa nguvu, unamsahihisha, anachanganyikiwa, na alikuelewa vizuri kabisa. Tumia nene na nyembamba. Upande wa kushoto wa kinanda ni sauti nene, anakaa tembo, na kulia ni nyembamba, anakaa chiriku. Nguvu na upole ni habari nyingine, ya mkono, na inafundishwa siku nyingine.

Sasa njooni kwenye kinanda, na msahau vibao vyeupe kwa miezi kadhaa. Vyeupe vyote vinafanana, mtoto hana pa kushika. Vyeusi vimejipanga viwili viwili na vitatu vitatu. Mimi viwili naviita mapacha, vitatu naviita mafiga. Mwambie atafute mapacha wote kuanzia kwa tembo hadi kwa chiriku, akibonyeza kwa ngumi iliyolegea. Kwenye kinanda chenu atakuta mapacha mara tano na mafiga mara tano. (Siku mkipata nafasi ya kuona piano kubwa ya vibao 88, mtafutieni kile cheusi kimoja kilichobaki peke yake mwisho kabisa wa kushoto. Watoto wangu wote wanakionea huruma, na kila mmoja ana hadithi yake kwa nini kimeachwa.)

Wewe sasa kaa upande wa tembo. Bonyeza figa la kwanza, taratibu, hesabu mbili, kisha pacha wa kwanza aliye karibu, hesabu mbili, rudi. Usifanye zaidi ya hapo. Mwache yeye upande wa chiriku apige cheusi chochote anachotaka. Hatakosea, kwa sababu sauti hizo tano zinapatana zenyewe kwa zenyewe kwa namna yoyote utakayozichanganya. Leo apige mvua inaanza, kesho paka anaiba samaki. Mtoto aliyelizwa na kinanda anahitaji sana wiki mbili tatu za kitu ambacho hakina kosa.

Na hapa ndipo alto yako inapokuwa mali. Umesema hujui muziki zaidi ya solfa, kana kwamba solfa ni kitu kidogo. Solfa tunayoimba kwenye kwaya zetu ilitungwa Uingereza katika karne ya 19, Sarah Glover wa Norwich akaanza na mchungaji John Curwen akaieneza, wamisionari wakatuletea. Baadaye Mhungaria Zoltán Kodály akaichukua hiyo hiyo, pamoja na ishara za mikono za Curwen, akaifanya msingi wa muziki wa watoto nchini kwake, na leo walimu wanalipia kozi kuijifunza. Wewe unayo bure tangu kipaimara.

Itumie hivi. Msikilize mwanao akikuita kutoka uani, ule wito mrefu wa "Ma-maaa". Mara nyingi unashuka kutoka so kwenda mi. Muitikie kwa sauti hizo hizo, umuimbie jina lake so-mi, umuulize so-mi kama amenawa mikono. So ukiiimba kiganja kikuelekee, mi kiganja kilale kama meza. Siku chache baadaye mwambie: hebu tumtafute "mama" kwenye kinanda. Pacha wa kwanza, kisha figa la mwisho lililo kushoto kwake. Ndiyo so-mi. Mwache atafute hata dakika nne, usimwonyeshe, kaa juu ya mikono yako ikibidi. Akiipata mwenyewe uso wake utakueleza kama njia hii inafaa.

Pacha wa pili ni la. Kwa so, mi na la peke yake utashangaa ni nyimbo ngapi za michezo ya watoto atakazoweza kuziokota. Mafiga matatu kwa mpangilio ni do, re, mi, na mapacha wanaofuata kulia ni so na la. Umeona? Ile ngazi yako ya kwaya bila fa na ti imelala yote kwenye vyeusi, katika makundi ambayo mtoto anaweza kuyapapasa akiwa amefumba macho.

Hapo hapo nakujibu la stika: usibandike. Mtoto wa miaka minne bado anapigana na herufi za shuleni, unamwongezea vita ya pili. Akiwa na stika anatafuta stika, hatazami mapacha wala mafiga, na siku akikaa kwenye kinanda kisicho na stika anakuwa mgeni kabisa. Baya zaidi ni zile zilizoandikwa do, re, mi. Wewe mwanakwaya unajua do inahama, mwalimu wenu anapoinua wimbo do inahama nao. Leo do iko kwenye figa, mwakani akianza vyeupe itahamia kwenye kile cheupe kilicho kushoto mwa mapacha. Ukiigundisha kwa gundi leo, utaibandua kwa machozi kesho. Kama moyo unakusumbua sana, weka alama ndogo moja tu katikati ya kinanda ili ajue pa kukaa.

Tumbo, mgongo na miguu. Nina hakika, bila kuona, kwamba kinanda kiko juu ya meza ya chakula. Kishushe. Akikaa, kiwiko kiwe usawa wa vibao au juu kidogo, mabega yasipande masikioni. Stuli ya sebuleni na kigoda huwa vinatosha. Miguu isining'inie, iwekee kreti la soda lililogeuzwa. Mtoto anayening'inia anatumia nguvu zake zote asidondoke, halafu tunasema hatulii. Vidole vyake vitabonyea kwenye kiungo cha mwisho, usimkemee. Vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono kwa umri wake sehemu kubwa bado ni gegedu, yaani havijawa mfupa mgumu, na vinaendelea kukomaa hadi karibu miaka 12. Mwambie afunike kifaranga asimbane, basi. Aanze kwa kidole cha tatu, yaani cha kati (gumba ni cha kwanza), kilichoegemezwa na gumba. Baadaye mafiga yapate kidole cha pili, cha tatu na cha nne, kimoja kimoja.

Kuhusu muda, saa nzima hata mimi siiwezi na mtoto wa umri huo. Somo langu ni dakika 25, na kila dakika nne au tano tunabadilisha: tumekaa, tumesimama, tumeimba, tumechora, tumerudi. Nyumbani dakika saba baada ya chai ya asubuhi na saba jioni zinashinda Jumamosi nne kwa pamoja. Acheni wakati bado anataka. Hilo ni gumu kwa wazazi kuliko kwa watoto, kwa sababu ndipo tunaona "ameshachangamka, tuongeze".

Kusoma kutakuja, na kunaanzia jikoni. Panga vijiti na punje za maharagwe juu ya mkeka: kijiti ni hatua ya kutembea, punje mbili ni za kukimbia. Akusomee kwa makofi, kisha akupangie wewe usome, na ukosee makusudi akukamate. Akishakuwa na nyimbo nane au kumi anazopiga kwa kusikia, na penseli haimtoroki, ndipo mchoree mistari miwili. Mitano ataifikia.

Kinanda chenyewe kinatosha kwa miaka miwili ya kwanza, ila kipimeni. Bonyeza kibao kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti zikitofautiana, mna bahati. Zikifanana, mtoto hawezi kujifunza upole wala ukali wa mkono hapo, na mkija kubadilisha hilo liwe la kwanza kuuliza dukani. Kile kibonyezo cha nyimbo zinazojipiga zenyewe kibandikeni plasta. Mtoto akigundua kwamba kinanda kinaweza kupiga bila yeye, atakaa pembeni kama mteja wa baa.

Mwalimu wenu usimgombeze. Anafundisha alivyofundishwa, na kwa mtoto wa miaka tisa huenda ni mzuri sana. Baada ya wiki hizo tatu mpigie, mwombe dakika 25 badala ya saa, mwombe kitabu kikae kabatini, na useme utakaa ndani uone ili uyarudie nyumbani. Akikubali, mrudini. Akisema mzazi hukaa nje, mshukuru mtafute mwingine, hata kama ni kijana wa kwaya asiye na cheti ila anajua kucheza na watoto. Cheti cha mtihani kwa umri huu ni cha kuwafurahisha mashangazi.

Na yule wa miaka miwili usimfukuze. Ndiye aliyekaa alipokaa Mozart. Mpe kigoda chake upande wa tembo, umwonyeshe figa moja ambalo ni lake, na akishachoka, ambako ni baada ya dakika moja hivi, mpe kikombe cha plastiki na kijiko apige wali maharagwe huku kaka yake anaendelea.